Ghala la Mji: Tarehe ya Chakula cha Shida katika Mji wa Kale wa Mombasa



Katika taarifa ya kila mwaka mmezoea kusoma hesabu za fedha, majina ya waliotangulia mbele ya haki, na shukrani kwa waliotusaidia. Safari hii zimeongezwa kurasa chache za tarehe, kwa sababu katika mazungumzo yetu limezuka swali ambalo hesabu peke yake haiwezi kulijibu. Swali lenyewe ni hili: chakula kiwekwacho akiba kwa ajili ya wenye shida, je, ni haki ya nani? Wako wasemao kuwa ni cha wenyeji wa Mji wa Kale tu, watu wajulikanao kwa baba na babu. Na wako wasemao kuwa mwenye njaa haulizwi kwao. Pande zote mbili hutaja mila ya wazee, na kila upande huamini kuwa wazee walikuwa upande wake. Basi imefaa tuitazame tarehe yenyewe, tuone mji huu ulilishwa na nani, na kwa masharti gani.

Kisiwa cha Mvita hakijapata kujilisha chenyewe. Ardhi yake ni ya mawe ya pwani, na visima vyake vingi vina maji ya chumvichumvi. Minazi na miembe huota, mboga hupatikana, lakini nafaka ya kuushibisha mji mzima haikupata kutoka humu. Ilitoka ng'ambo ya maji: Changamwe, Kisauni, Likoni na Mtongwe, na mbele zaidi kwa jirani zetu Wamijikenda, ama ililetwa kwa vyombo kutoka Pemba na mwambao wa Malindi. Kwa hiyo atakaye kujua tarehe ya ghala la mji hana budi kuanza kwa kutazama nje ya mji.

Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika habari za pwani hii mwanzoni mwa karne ya 16, aliisifu Mombasa kwa wingi wa vyakula: mtama, mchele, kondoo wenye mikia minene, kuku, machungwa na ndimu. Miaka michache kabla ya kuandika kwake, mwezi wa Agosti 1505, askari wa Francisco de Almeida waliuteka mji na kuuchoma moto, na waliouona wakati huo walitaja akiba ya mchele, asali na siagi iliyokuwamo majumbani. Lakini Barbosa huyo huyo aeleza kuwa watu wa mji mara walipigana na watu wa bara, na mara walipatana nao, na wakati wa amani bara iliwapa asali, nta na pembe. Twaona kuwa tangu hapo ghala la mji halikuwa nyumba ya mawe yenye kufuli. Lilikuwa ni amani na jirani. Amani ilipovunjika ghala lilikuwa tupu, hata kama milango yake imefungwa vizuri.

Wareno wenyewe walijifunza jambo hilo baada ya kujenga Ngome yao kuu, Fort Jesus, kuanzia mwaka 1593. Walikuwa na mizinga na kuta nene, lakini iliwapasa kuwapa nguo watu wa bara, ambao katika vitabu vyao waliwaita Wamusungulo, ili njia za chakula zisifungwe. Na Ngome ilipozingirwa na Waarabu wa Omani kuanzia Machi 1696, kuta hazikuwafaa walioko ndani. Humo walikuwamo Wareno wachache na watu wengi wa pwani, wanaume kwa wanawake na watoto wao, waliokimbilia ndani. Maradhi na upungufu wa chakula viliwaua wengi kuliko risasi. Kwa muda, baada ya Wareno kufa karibu wote, aliyeishika Ngome hiyo alikuwa Bwana Daud wa Faza pamoja na watu wake. Mazingiwa hayo yalidumu hata tarehe 13 Desemba 1698, yaani miezi thelathini na mitatu. Watoto wetu wapelekwapo Ngomeni na walimu wao huonyeshwa mizinga. Ingefaa pia waonyeshwe lile birika la maji, waambiwe kwamba hapa watu walikufa kwa njaa hali bara inaonekana kwa macho.

Zama za Mazrui ndizo zinazotufunza zaidi. Mazrui walitawala Mombasa kwa muda wa karne moja hivi, mpaka mwaka 1837, na utawala wao ulisimama juu ya nguzo mbili za chakula. Nguzo ya kwanza ilikuwa mapatano ya mji na bara. Wenyeji wa mji walikuwa katika Thenashara Taifa, yaani Thelatha Taifa wa upande mmoja, ndio Watangana, Wakilindini na Wachangamwe, na Tisa Taifa wa upande wa pili. Kila upande ulikuwa na rafiki zake katika Wamijikenda, na mtu wa bara ajapo mjini kuuza nafaka alijua nyumba ya kufikia, akapewa mahali pa kulala na chakula, na mwenye nyumba akamsimamia katika biashara yake. Mwaka wa shida bara, rafiki huyo alikuja kuomba. Mwaka wa vita mjini, mwenye nyumba naye alikimbilia kwa rafiki yake. Hapakuwa na hati wala muhuri. Palikuwa na nguo, tembo la mnazi, viapo, na aghalabu ndoa.

Nguzo ya pili ilikuwa Pemba. Kisiwa kile chenye rutuba, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa chini ya Mazrui, ndicho kilichoipa Mombasa mchele. Mnamo mwaka 1823 Sayyid Said wa Omani aliwanyang'anya Mazrui Pemba, na tangu siku hiyo Mombasa ilikuwa kama nyumba iliyoibiwa jiko. Wengi husoma habari ya Kapteni Owen, Mwingereza aliyefika na manowari yake, Leven, mwezi wa Februari 1824, wakadhani kuwa Mazrui waliipandisha bendera ya Kiingereza kwa kuogopa manowari za Sayyid tu. Woga ulikuwapo, hatukatai. Lakini katika masharti waliyoyataka Mazrui lilikuwamo la kurudishiwa nchi zao zilizotwaliwa, na kubwa katika hizo ilikuwa Pemba. Walitaka wali wao. Pemba haikurudishwa, serikali ya Uingereza haikukubali alilolifanya Owen, na mwaka 1826 Waingereza waliondoka. Luteni Emery, aliyekaa hapa kama liwali wao wa muda, aliandika katika daftari lake la kila siku habari za watu wa bara wakiingia mjini na bidhaa zao. Baada ya Pemba kwenda, bara ndiyo iliyobaki.

Sasa nafika mahali ambapo tarehe yetu si nzuri kusimuliwa, na nadhani ni kwa sababu hiyo husahauliwa. Mvua zilipokosekana bara, wale marafiki waliokuja mjini kuomba chakula hawakupewa bure sikuzote. Mtu aliyekuwa hana ng'ombe wala pembe alimweka rehani mtoto wake, au mpwa wake, katika nyumba ya mji, akachukua nafaka. Makusudio yalikuwa kwamba mavuno yakipatikana atarudi, atalipa, amchukue mtoto. Wengi walirudi na watoto wao wakakombolewa. Wengine walirudi wakakuta mtoto hayupo, ameuzwa na kupakiwa chomboni kwenda Arabuni. Wengine hawakurudi, na mtoto akakua mjini, akaoa au akaolewa, akawa mtu wa nyumba ile. Katika njaa ya miaka ya 1830 mambo hayo yalikuwa makubwa, na habari zake bado zilisimuliwa wakati Krapf, mmisionari Mjerumani, alipofika Mombasa mwaka 1844 na kukaa Rabai.

Nayaeleza haya si kwa kuwaaibisha marehemu. Nayaeleza kwa kuwa msemaji mmoja akisimama na kusema, "Mimi ni wa asili, na yule si wa asili," yafaa akumbuke kuwa katika nyumba nyingi za mji huu bibi mmoja au babu mmoja aliingia kwa mlango wa njaa. Ghala la zamani liligawa chakula na likapokea watu. Watu hao ndio sisi, au baadhi yetu, na hapana daftari liwezalo kututenga.

Kadhalika tusiseme kuwa mtama mwingi wa nusu ya pili ya karne ya 19 ulikuwa ni neema tupu. Malindi, iliyofufuliwa na Sayyid Majid mwanzoni mwa miaka ya 1860, ilikuwa ghala la pwani nzima; mtama na ufuta wake ulipelekwa mpaka Arabuni, na mwingine ulishuka hapa Bandari ya Kale. Waliolima walikuwa watumwa. Hukumu ya utumwa ilipoondolewa katika pwani ya Kenya mwaka 1907, mashamba makubwa yalikuwa yamekwisha kudhoofika, na wenye mashamba walilalamika kwamba nchi imekufa. Walioachwa huru hawakuona kuwa imekufa. Walilima vishamba vyao wenyewe. Lakini kwa mji matokeo yalikuwa ni haya, kwamba chakula chake sasa kilitoka mbali zaidi: mchele kutoka Bara Hindi na Bama, na mahindi yaliyoshuka kwa gari la moshi kutoka bara ya juu.

Gari la moshi lenyewe lilianza kujengwa hapa kisiwani mwaka 1896, likafika Ziwa Viktoria mwaka 1901, na katikati ya kazi hiyo ikaja njaa kuu ya 1898 hata 1900. Mvua zilikosa miaka mfululizo, na ng'ombe walikuwa wamekwisha kuangamizwa na sotoka miaka ya nyuma. Ukambani, Uteitani na Ugiriama watu walikufa njiani wakitafuta chakula. Serikali na wamisionari waliagiza nafaka kwa meli na kuigawa katika vituo vyao, na kwa ajili ya magunia hayo miongoni mwa Wamijikenda njaa ile ilipewa jina la Magunia. Hebu fikirini jina hilo. Njaa za zamani zilikumbukwa kwa mateso, au kwa kile kilicholiwa kwa dhiki. Hii ilikumbukwa kwa chombo kilicholeta msaada. Kwa mara ya kwanza mwenye njaa alilishwa na mtu asiyemjua, asiye rafiki wala mdai wake, kutoka katika mfuko wenye alama za kigeni. Kwa upande mmoja hiyo ni rehema, kwa sababu mgeni hachukui mtoto rehani. Kwa upande mwingine, gunia halina rafiki. Likiisha, hakuna wa kumbishia hodi.

Sasa turudi ndani ya mji, kwa kuwa mbali na hayo makubwa ya wafalme na njaa, lilikuwako ghala jingine dogo lisiloandikwa na Mreno wala Mwingereza. Ghala hilo ni pishi.

Wazee wanajua, lakini vijana wetu wamezoea kilo, kwa hiyo nitaeleza. Kipimo kidogo cha nafaka kilikuwa kibaba. Vibaba viwili ni kisaga, vibaba vinne ni pishi, na pishi sitini ni jizla. Pishi ya nafaka ilikuwa na uzito wa ratili sita hivi. Katika zaka ya fitri, iliyo wajibu mwishoni mwa Ramadhani, kila kichwa hutolewa saa moja ya chakula cha mji, na saa ni mudi nne. Watu wa pwani wakakilinganisha kipimo hicho na pishi yao, vibaba vinne. Kwa hiyo kipimo cha sokoni kikawa ni kipimo cha ibada, na kila mama wa nyumba alikuwa nacho jikoni.

Tazameni hekima iliyomo katika hukumu ya fitri kwa madhehebu yetu ya Shafii. Haitolewi na tajiri peke yake. Mtu yeyote aliye na ziada ya chakula cha mchana na usiku wa Idi, kwa nafsi yake na walio chini yake, imempasa kutoa. Kwa hiyo yawezekana maskini akapokea pishi tano asubuhi kutoka kwa jirani, akaona ana ziada, naye akatoa pishi yake kumpa mwingine. Mpokeaji ni mtoaji. Hapana mtu wa kudumu wa kuombwa wala mtu wa kudumu wa kuomba, na siku ya Idi hakuna nyumba inayojulikana kuwa ndiyo ya maskini. Nijuavyo mimi, hapana chama cha kisasa kilichovumbua kanuni nzuri kuliko hiyo.

Na neno lililokuwa kubwa katika mitaa yetu, Kibokoni, Kuze, Mkanyageni, Ndia Kuu, lilikuwa ni sitara. Chakula cha kupeleka kwa mwenye dhiki kilipelekwa kimefunikwa kawa, wakati wa magharibi, na mtoto aliyetumwa aliambiwa aseme, "Mama amesema onjeni." Hakuambiwa aseme, "Mama amewasaidia." Sahani haikurudishwa tupu, ikiwa hapana kitu, ilirudishwa na ndimu mbili au majani ya mrehani. Wanawake ndio waliokuwa makarani wa ghala hili. Walijua ni jiko gani halikuwashwa tangu jana, na walijua bila kuuliza. Vyama vyao vya lelemama, ambavyo wengi huvikumbuka kwa ngoma, mavazi na mashindano tu, vilikuwa pia vyama vya kusaidiana katika harusi na misiba, na katika miaka ya 1950 baadhi ya viongozi wake waligeukia vyama vya maendeleo ya wanawake wa Kiislamu, wakashughulikia elimu na haja za jamii. Tarehe iliyoandikwa na wanaume imewataja kwa uchache kuliko walivyostahili.

Ziko pia wakfu. Mtu mwenye nyumba au shamba aliliweka wakfu, mapato yake yakawa ya msikiti, ya jamaa zake, au ya mafakiri, na baadaye nyingi zikasimamiwa na Makamishna wa Wakfu, ambao sheria yao iliyofuatwa ilikuwa ya mwaka 1951. Wakfu ni ghala lisilooza, kwa kuwa nyumba haiingii fukusi. Lakini kodi ndogo na kuta zilizochakaa zimezifanya nyingine zisitoe kitu. Sitaingia katika jambo hilo hapa. Lastahili taarifa yake peke yake.

Haifai, hata hivyo, kuisifu zamani bila kipimo. Chakula kingi kilipotea katika karamu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891 na ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianzisha gazeti la Al-Sahifa mwaka 1930 na la Al-Islah mwaka 1932, na miongoni mwa mambo aliyoyakemea ni israfu ya harusi na matanga: watu kukopa, kuweka nyumba rehani, ili jina lao litajwe kwa wali walioupika siku tatu. Alichukiwa na baadhi ya watu kwa maneno hayo. Lakini mji uliokuwa unaagiza mchele wake ng'ambo ya bahari, na ukaumwaga kwenye karamu hali mitaani mna wajane, ulikuwa na haja ya kuambiwa. Sheikh alifariki mwaka 1947, na karamu zetu bado hazijapungua.

Vita Vikuu vya Pili vikaja na somo jingine. Japani ilipoiteka Rangoon mwezi wa Machi 1942, mchele wa Bama ulikatika kote katika Bahari ya Hindi. Huko Bengal mwaka 1943 watu walikufa kwa njaa kwa mamilioni. Hapa kwetu, mwaka huo huo wa 1942, Kilindini ilipokea manowari za Kiingereza zilizohamishwa kutoka Colombo, mji ukajaa askari na vibarua, na wakati uo huo mvua zikakosa bara. Serikali ikatwaa mamlaka ya kununua na kugawa mahindi. Aliyezoea wali akala sima ya unga wa njano, na aliyezoea kununua kwa rafiki yake dukani akasimama katika mstari.

Na Unguja ng'ambo ya pili, mgao wa wakati ule ulifuata kabila. Mchele uliokuwapo ulihesabiwa kuwa ni chakula cha Waarabu na Wahindi zaidi. Mwafrika alihesabiwa kuwa chakula chake ni mahindi na muhogo. Watu waliokula wali tangu kuzaliwa waliambiwa na daftari kuwa wao si walaji wali. Basi kukawa na mashindano ya kuitwa hili au lile, si kwa mapenzi ya nasaba, bali kwa ajili ya kibaba cha mchele. Chuki zilizopandwa na kadi zile hazikuisha vita vilipoisha. Hili ni jambo la kutiwa maanani na kila mtu anayeshika kalamu kuandika orodha ya chakula: safu moja ya kabila, iliyowekwa kwa urahisi wa karani, yaweza kuzaa uadui wa miaka.

Jina hili la "benki ya chakula" ambalo siku hizi twalisikia ni la juzi tu, na asili yake si serikali wala mfalme. Katika mji wa Phoenix, Marekani, mtu mmoja aitwaye John van Hengel alikuwa akijitolea kuwapikia maskini. Alikutana na mama aliyewalisha watoto wake kwa vyakula vilivyotupwa nyuma ya maduka, naye mama huyo akamwambia kuwa pangekuwapo mahali kama benki, mwenye ziada aweke na mwenye haja atoe. Mwaka 1967 van Hengel akaanzisha St. Mary's Food Bank, na mtindo wake ukaenea duniani. Nasoma habari hiyo nikicheka kidogo, kwa kuwa mama yule alieleza kwa maneno machache jambo ambalo kina mama wa Kuze walilijua kwa sahani na kawa. Lakini Phoenix ilitushinda kwa jambo moja: waliandika. Walijua kilichoingia, kilichotoka, na kitakachooza wiki ijayo. Sitara yetu ilikuwa na kasoro yake. Mgeni asiyekuwa na jirani wa kumjua hakuonwa na mtu.

Kasoro hiyo ilidhihirika mwaka 2020. Wote mnaukumbuka, lakini haya ni maandishi, nayo yatasomwa na wasiokuwapo. Kwa ajili ya maradhi ya korona, amri ya kutotoka usiku ilianza tarehe 27 Machi, misikiti ikawa imefungwa, na tarehe 8 Aprili Mombasa nzima ikafungiwa isitoke mtu wala asiingie. Mwezi huo serikali ya Kaunti ilianza mpango wa kugawa chakula majumbani. Kisha tarehe 6 Mei, katikati ya Ramadhani, Waziri wa Afya akatangaza kuwa Mji wa Kale peke yake, pamoja na Eastleigh ya Nairobi, utafungwa kwa siku kumi na tano. Masoko, mikahawa na mahali pa kulia vikafungwa. Vizuizi vikawekwa barabarani. Muda ulipoisha ukaongezwa, mpaka ukaondolewa tarehe 6 Juni. Idi ilitukuta ndani.

Tangu Ngome kuzingirwa, mji huu haukupata kufungiwa namna hiyo, ingawa safari hii hakukuwa na mizinga na wazingiaji walikuwa na nia ya kutuponya. Na hapo swali letu lilijibiwa na kizuizi chenyewe. Kizuizi hakikuuliza taifa la mtu. Aliyelala ndani ya Mji wa Kale usiku ule alikuwa wa Mji wa Kale: mwenye nyumba ya mlango wa nakshi na mpangaji wa chumba cha nyuma, mchukuzi wa Bandari ya Kale aliyetoka Kaloleni, muuza kahawa, mtumishi wa nyumbani ambaye kwao ni Kitui, mvuvi wa Kibajuni. Na walioumia kwanza hawakuwa watu wa asili. Mtu wa asili alikuwa na shangazi katika kichochoro cha pili na mjomba dukani. Mwenye kula kwa kibarua cha kila siku, asiye na jamaa ndani, ndiye aliyekaa chumbani amezima taa, akiona haya kuomba futari kwa watu asiowajua.

Wakati ule chakula kilipitishwa kwa njia nyingi, kwa Kaunti, kwa misikiti, kwa vijana waliobeba mifuko ya unga, mchele, mafuta na tende mitaani, na kwa majirani. Kila mahali palipogawiwa palikuwa na maneno juu ya orodha: huyu ameandikwa mara mbili, yule hakuandikwa kabisa. Maneno hayo hayakosi penye njaa. Lakini orodha zilizofanya kazi vizuri, kwa niliyoyaona, zilikuwa zile zilizoandikwa na wanawake wa mtaa pamoja na vijana: mama ajuaye jiko lipi limezimwa, na kijana ajuaye vyumba vya nyuma ambavyo mama haviingii.

Itasemwa kuwa zaka ina wenyewe, na hayo ni kweli. Mafungu yake manane yametajwa, na zaka za chama zisichanganywe na michango mingine. Lakini sadaka haina mpaka huo, na sehemu kubwa ya chakula kinachoingia ghalani mwetu ni sadaka na michango ya wanachama. Kwa hiyo hesabu mbili zitatosha, na haziwi tabu kwa mweka hazina.

Kwa hayo, naomba mkutano mkuu uyazungumze mambo matatu. Daftari la ghala liandike mtaa na nyumba anayolala mtu, na safu ya kabila ifutwe. Katika kila mtaa wachaguliwe mama wawili na kijana mmoja wa kulishika daftari hilo, nao walisome kwa Kamati faragha, si barazani. Na katika mwezi wa mavuno bara chama kinunue mahindi na kunde kwa wakulima wa Kaloleni, Rabai na Kwale wenyewe, badala ya kungoja bei ya Ramadhani dukani. Wazee wao waliijua njia ya kuja Mvita kabla ya barabara ya lami, na baadhi ya nyumba walizokuwa wakifikia bado zimesimama.